Uokoaji Bado Haujafunguliwa

Mliokuja kusikiliza, sogeeni karibu. Mliokuja kusikiliza ili mkaripoti mahali, sogeeni pia. Nafasi ipo, na nitakwenda taratibu mpate kunukuu. Ilikuwepo nchi, na ipo bado, ambayo jina lake silitaji kwa sababu silijui. Haifanani na nchi yoyote mliyowahi kuishi. Anayeona inafanana, tatizo ni macho yake, akapimwe.

Katika nchi hiyo alikuwepo binti anaitwa Mwajabu Litunu, muuguzi aliyefaulu masomo yake vizuri, naye alipungukiwa na kitu kimoja tu: Nishani.

Serikali ya huko ni sikivu sana. Iliposikia kwamba vijana hawana kazi iliunda tume, na tume ikagundua kwamba vijana hawana kazi kwa sababu hawajawa tayari. Basi ikaamriwa kila kijana aliyemaliza shule awe rova, yaani skauti wa vijana wakubwa, apande ngazi za mafunzo moja baada ya nyingine mpaka avishwe Nishani ya Utayari. Bila Nishani hakuna ajira, awe mwalimu, awe mzibua vyoo. Na kwa kuwa ujana nao una mwisho, sheria iliweka umri ambao mtu akiutimiza anatoka kwenye ujana, na mlango wa Nishani unafungwa nyuma yake.

Kijijini kwao Mwajabu, Kitopeni, zahanati ilikuwa imepigwa kufuli tangu muuguzi wa zamani astaafu. Dawa zilikuwemo ndani. Vitanda vilikuwemo ndani. Wagonjwa walikuwa nje, wakisubiri muuguzi mwenye Nishani. Dada yake Mwajabu alijifungulia kwenye baraza ya zahanati hiyo, mgongo ameuegemeza kwenye mlango uliofungwa, na mtoto hakuishi. Mwajabu hakuitaka Nishani kwa sababu ya kung'aa kwenye picha. Aliitaka kwa sababu ya lile kufuli.

Akapanda ngazi. Katika Ngazi ya Fundo alijifunza mafundo yote ya kamba, kisha mtihani ukawa kufunga utepe ambao mgeni rasmi angeukata. Katika Ngazi ya Moto aliwasha moto bila kiberiti, baada ya kikosi cha zimamoto kuthibitisha kwamba hakuna moto. Katika Ngazi ya Safari walipewa ramani na dira wakaachiwa ndani ya jengo la Wizara, watafute saini mlango kwa mlango. Wengi walipotea humo, na mmoja alipopatikana alikuwa ameshaajiriwa. Katika Ngazi ya Huduma alipanda mti. Ulikuwa mwarobaini uleule uliopandwa na kila kundi lililotangulia, maana jioni ulikuwa unang'olewa na kutunzwa kwenye ndoo kwa ajili ya mgeni rasmi mwingine. Sidhani kama kuna mti duniani uliopandwa mara nyingi kama ule, wala uliowapa watu kivuli kidogo kama ule.

Kila ngazi ilikuwa na beji zake za bati, na beji zilishonwa kwenye shati. Kufikia ngazi ya mwisho shati la Mwajabu lilikuwa zito hata kuinua mkono kupiga saluti ilikuwa kazi ya mabega mawili.

Ilibaki Ngazi ya Maji. Hapo kijana anatakiwa aokoe mtu.

Sasa, kuokoa watu kuna ugumu wake, kwa sababu watu hawazami kwa ratiba. Ndiyo maana serikali ilimwajiri Mzee Ngwali, tarishi mstaafu mwembamba mwenye meno machache na adabu nyingi, cheo chake Mwokolewa wa Taifa. Kila mwaka Mzee Ngwali alivishwa koti jekundu la serikali, akapelekwa kwa miguu katikati ya mto Lumbize wakati maji yako chini ya goti, akakalishwa juu ya jiwe lililopakwa chokaa. Mgeni rasmi anafika, anafungua, vijana wanamwokoa, wanapiga picha, na mzee anarudi nyumbani na soda yake.

Kufungua ndiyo roho ya jambo lote. Kanuni iliandikwa na Mlezi Mkuu wa Maskauti mwenyewe, Mheshimiwa Zabroni Kirobo, na kila rova aliikariri kama jina la mama yake: tendo lisilofunguliwa na mgeni rasmi halijatendeka. Na mgeni rasmi, siku zote na mahali pote, alikuwa Mheshimiwa Zabroni Kirobo.

*

Siku ya Mwajabu ilipofika, kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kutoka kwenye ujana. Hakuwa na mwaka mwingine wa kujaribu, na alijua hivyo tangu alipoamka.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne asubuhi. Mzee Ngwali akawekwa kwenye jiwe mapema, mgeni asije akakuta jiwe tupu. Marova wakapangwa mstari ukingoni, kila mmoja na kamba yake begani, na mbele yao, kati yao na mto, ukavutwa utepe wa rangi za taifa. Mkasi ulilazwa juu ya takia la hariri, na kando yake akasimama Katibu wa Utaratibu, Bwana Tindwa, mtu mwenye saa mkononi ambayo sijui aliivaa ya nini.

Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Kikundi cha ngoma kikaimba wimbo wa kumkaribisha mgeni, kikaumaliza, kikauanza tena. Kule kwenye jiwe Mzee Ngwali aliwapungia mkono, wakampungia.

Saa nane Mwajabu akaona maji yamebadilika rangi. Asubuhi yalikuwa meupe, unaona mchanga chini. Sasa yalikuwa kama chai ya maziwa, yanabeba majani mabichi na mapovu. Akatazama milimani. Kule juu kulikuwa kweusi tititi.

"Katibu," akasema, "mvua inanyesha milimani. Maji yanakuja."

Bwana Tindwa akafungua ratiba, akaisoma juu mpaka chini. "Mvua haimo humu," akasema.

"Lakini inanyesha."

"Binti, inanyesha kwa niaba ya nani? Rudi kwenye mstari."

Akarudi kwenye mstari. Mzee Ngwali alikuwa ameinua miguu, ameikunja juu ya jiwe. Alikuwa bado anatabasamu, maana tabasamu lilikuwa sehemu ya kazi, ila alikuwa ameacha kupunga mkono na ameshika jiwe kwa viganja vyote viwili. Muda si mrefu akasimama. Muda si mrefu tena, maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu huku amesimama juu ya jiwe lenyewe.

"Jamani!" akaita, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. "Jamani, huku kumekuwa na maji maji kidogo!"

"Mzee, uokoaji bado haujafunguliwa!" Bwana Tindwa akamjibu kwa kipaza sauti. "Vuta subira!"

"Sawa, mkubwa! Nilikuwa nataarifu tu!"

Ngoma ikanyamaza. Marova wakatazamana. Aliyekuwa karibu na Mwajabu, kijana mrefu anaitwa Desderi aliyechaguliwa kusoma risala, alikuwa anakunja na kukunjua karatasi ya risala. "Dada Mwajabu," akanong'ona, "usifanye kitu. Ukimwokoa sasa hivi haihesabiki. Utakuwa umemwokoa bure."

Mwajabu akageukia mto. Aliogopa, na nisiseme aliogopa mto peke yake. Aliliona kufuli la Kitopeni. Alimwona dada yake pale barazani. Akihesabu kichwani, upande mmoja kulikuwa na kijiji kizima kinachosubiri mlango, na upande wa pili mzee mmoja wa koti jekundu. Alijaribu kujiambia kwamba mgeni yuko njiani. Alitega sikio asikie king'ora, na alisikia mto tu.

"Katibu, nakuomba. Mfungulie hata wewe."

"Mimi?" Bwana Tindwa akashtuka kama ameambiwa avue nguo. "Mimi ni Katibu. Mimi natayarisha kufunguliwa."

"Mpigie simu mgeni rasmi."

"Nimempigia. Hapokei. Na mgeni rasmi asipopokea maana yake yuko kwenye shughuli muhimu."

Maji yakamfika Mzee Ngwali magotini. Koti likaanza kuvutwa na mkondo. Akageuka akawatazama marova mmoja mmoja, na safari hii hakutabasamu. "Wanangu," akaita, "mimi kuogelea sijui. Hawakuniuliza wakati wa usaili."

Ndipo Mwajabu akavua lile shati la beji. Likaanguka kwenye kokoto kwa kishindo cha bati.

"Binti, vaa sare! Kuvua sare mbele ya utepe ni kosa!"

Hakugeuka. Alikimbia kando ya mto kwenda juu kidogo, kwenye mkuyu ulioinamia maji, akafunga kamba kwenye shina lake, ncha nyingine akajifunga kiunoni kwa fundo ambalo hakutakiwa kulifunga mpaka litangazwe. Akapita chini ya utepe. Nawahakikishia hakuukata, utepe ulibaki mzima, na hilo lilimfariji sana Bwana Tindwa baadaye. Kisha akajitupa majini.

Maji yalimpiga kifuani, yakamzungusha, yakamnywesha mchanga. Aliacha mkondo umteremshe, miguu mbele, mpaka mkono wake ukagonga chokaa. Jiwe lenyewe halikuonekana tena. Akamkamata mzee mapajani, akapanda jiweni kwa kushikilia koti lake.

"Binti, wamefungua?" Mzee Ngwali akauliza meno yakigongana.

"Hawajafungua, babu."

"Basi utanitia matatani."

"Nishike shingo."

Akamshika. Mwajabu akaukunja mkono wake mmoja kumzunguka mzee, akajiachia. Kamba ikanyooka, ikavutika, na mkondo wenyewe ukawasukuma kwa mzunguko mpaka ukingoni, wakaangukia kwenye tope kama magunia. Hakuna aliyepiga makofi. Marova walikuwa wanamtazama Bwana Tindwa wajue kama wameona.

"Hatujaona kitu," Bwana Tindwa akatangaza. "Ila kisichoonekana kimekiuka kanuni. Mwajabu Litunu, kuanzia sasa wewe si mgombea. Lete skafu. Lete kamba, hiyo ni kidhibiti."

Akaifungua kamba kwenye mkuyu yeye mwenyewe, akaizungusha mkononi. Mwajabu alikaa kwenye tope akimsugua mzee mgongo ili apate joto. Alikuwa analia, na hakujificha. Mzee Ngwali naye akalia, kwa kumlilia yeye.

*

Walikuwa katika hali hiyo kiliposikika king'ora.

Hakikutoka barabarani. Kilitoka mtoni, kule juu kwenye kona, mahali pa kivuko cha magari. Kilikuwa kinalia kwa mapovu. Kisha gari jeupe la bendera likatokea kwenye kona hiyo, upande upande, likisukumwa na maji, likakwama kwenye mwamba mbele ya mkuyu. Juu ya paa lake, ndani ya suti ya rangi ya maziwa, alikuwa amepiga magoti Mheshimiwa Zabroni Kirobo. Dereva wake alishaogelea zamani mpaka ng'ambo ya pili, na alikuwa amesimama huko akipiga saluti.

Basi kumbe ndiko alikokuwa. Alikwama mtoni tangu saa nane, akisubiri aokolewe ili aje afungue uokoaji.

"Niokoeni!" akapiga kelele.

Marova wakaruka hatua moja mbele, wakagota kwenye utepe.

"Mheshimiwa!" Bwana Tindwa akapokea kwa kipaza sauti. "Karibu sana! Tunaomba kwanza ufungue!"

"Nini?"

"Ufungue, Mheshimiwa! Kanuni yako!"

Gari likatikisika. Mheshimiwa akalala kifudifudi, akakumbatia paa. "Nimefungua!" akalia. Wote waliokuwepo wanasema ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na ndiyo pekee iliyotoka moyoni.

"Utepe, Mheshimiwa! Utepe uko huku!"

"Kata wewe!"

"Sina mamlaka!"

"Nakukaimisha!"

"Kwa maandishi, Mheshimiwa!"

Alichojibu Mheshimiwa hapo kilihusu mama yake Bwana Tindwa, na kwa heshima ya mama huyo tukiache. Bwana Tindwa alikipokea kama maelekezo. Akauchukua mkasi, akakata. Utepe ukaanguka. Uokoaji ukawa umefunguliwa rasmi, na marova wote wakavuta pumzi waingie mtoni.

"Risala!" Bwana Tindwa akakumbuka.

Wakasimama. Ratiba iko wazi: baada ya kufungua, risala. Desderi akakunjua karatasi yake iliyolowa jasho, akakohoa.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akasoma, "awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kujumuika nasi mahali hapa..."

Gari likainuka upande mmoja. Mheshimiwa akateleza mpaka miguu ikaning'inia majini. "...Mheshimiwa, pamoja na mafanikio hayo, zipo changamoto..."

Mwajabu alikuwa ameshainuka. Mtu huyu ndiye aliyeandika kanuni iliyomnyima Nishani, ndiye aliyelifunga kufuli la Kitopeni kwa kalamu yake, na sitawadanganya kwamba hakulikumbuka hilo. Alilikumbuka, na kwa kitambo kidogo alitamani risala iwe ndefu. Kisha akamsikia Mheshimiwa akimwita marehemu nyanya yake, kwa sauti nyembamba ya kitoto, na miguu yake ikaenda yenyewe.

Akaipokonya kamba mkononi mwa Bwana Tindwa.

"Hicho ni kidhibiti!"

"Nitakirudisha."

Nisiwachoshe. Alifunga pale pale kwenye mkuyu, alijitupa pale pale. Alifika kwenye paa dakika ambayo gari liliachia mwamba, akamkamata Mheshimiwa kola ya suti, na wakaning'inia kwenye kamba wawili hao huku bendera ikipita chini yao kwenda baharini. Walipotupwa kwenye tope, Desderi alikuwa amefika kwenye "mwisho kabisa lakini si kwa umuhimu."

*

Kamati ya kutoa Nishani ilikaa jioni hiyohiyo, na siwezi kuisema vibaya, ilifanya kazi kwa uangalifu mkubwa. Kuhusu Mzee Ngwali, iliona kwamba aliokolewa kabla ya kufunguliwa, kwa hiyo hakuokolewa. Kuhusu Mheshimiwa, iliona kwamba uokoaji ulikuwa umeshafunguliwa sawasawa, utepe ulikatwa, risala ilikuwa inasomwa. Ila aliyemtoa alikuwa ameshaondolewa kwenye wagombea, na kanuni haimtambui mwokoaji asiye mgombea. Kwa hiyo naye hakuokolewa.

"Lakini niko hapa!" Mheshimiwa akasema, amevikwa blanketi.

Mwenyekiti wa kamati akamtazama kwa huruma. "Kwa masikitiko, Mheshimiwa, kikanuni bado uko mtoni."

Marova wengine walipewa Nishani wote, kwa utayari waliouonyesha ukingoni. Mzee Ngwali alihesabiwa kuwa yuko kwenye jiwe, akawa anapelekewa soda yake huko kila mwaka. Mkewe Mheshimiwa akaanza kupokea wageni wa pole sebuleni kila Ijumaa, na Mheshimiwa akiwa ameketi palepale akimimina chai. Kiti chake ofisini kiliachwa wazi kwa heshima. Hakuteuliwa mwingine, kwa sababu hajafa. Wala yeye hakuruhusiwa kusaini kitu, kwa sababu mtu aliye mtoni karatasi zitalowa.

Juu ya meza yake zikabaki karatasi mbili zinazomsubiri. Moja ilikuwa rufaa ya Mwajabu Litunu ya kuomba Nishani. Ya pili ilikuwa hati ya kumkamata Mwajabu Litunu kwa kuokoa bila kibali.

Mwajabu alirudi Kitopeni siku aliyotoka kwenye ujana. Akaenda moja kwa moja kwenye zahanati, akalitazama lile kufuli. Akaokota jiwe. Lilikuwa kufuli dogo, limeoza kwa kutu, na halikuchukua mapigo mengi. Alipolivunja alikaa barazani, mahali pa dada yake, akalia sana, maana kumbe lingeweza kuvunjwa siku zote. Kisha akafagia, akatoa benchi nje, akaanza kuita wagonjwa.

Mtasema mbona hakukamatwa. Hati ipo, nimeshawaambia. Inasubiri saini.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, alikuja kwenye benchi lile mtu aliyekuwa mnene akakonda, amevaa suti ya rangi ya maziwa yenye doa la tope lisilotoka na skafu ya uskauti shingoni, anakohoa. Alisubiri zamu yake. Mwajabu alimtambua kabla hajakaa, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akampa dawa na kikombe cha maji ya kumezea.

"Binti yangu," Mheshimiwa akasema, ameshika kikombe kwa mikono miwili, "wewe ndiye pekee unayeweza kunisaidia. Kamati imekubali. Nirudi mtoni, wewe urudishwe kwenye ugombea kwa siku moja tu, uniokoe tena kwa utaratibu. Nikishaokolewa nitarudi ofisini, nisaini karatasi yako."

Mwajabu aliweka chini kile kipimo cha kifua. Mama mmoja mwenye mimba, aliyekaribia kujifungua, alisogea aone vizuri.

"Ipi, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa hakuwa mtu wa uongo. Alikuwa mtu wa utaratibu. Akafikiri. "Zote mbili," akasema. "Nitaanza na ile ya juu."

"Na ya juu ni ipi?"

Mheshimiwa akatazama chini kwenye kikombe.

Mwajabu akamfunika shingo vizuri kwa ile skafu yake mwenyewe Mheshimiwa, kama anavyofunikwa mtoto asipigwe na baridi. "Dawa unywe asubuhi na jioni," akamwambia. "Mengine hayo, baba, kaa hapo kwenye benchi. Usubiri mgeni rasmi."

Kisha akamshika mkono yule mama mwenye mimba, akamwingiza ndani.